Vespa ya kisasa kwa barabara za Kigoma: ni kweli haina chesisi? Ninunue au niache?

mkunga_wa_gungu

Wakuu habari za jioni, na wazee wangu humu shikamooni. Niko Kigoma mjini, naishi Gungu, kazi yangu ukunga na siku tatu kwa wiki natoka kituoni naenda kuwaona wazazi majumbani kwao, Katubuka, Mwanga mpaka kule Ujiji. Sa hivi natumia boda na hela inayoishia huko kwa mwezi ni nyingi mno, halafu siku ya sare ya gauni kupanda pikipiki ni mateso, nikae upande au nivae suruali ndani na mfuko wa vifaa naupakata kama mtoto.

Sasa kuna mgeni mmoja mkataba wake umeisha anarudi kwao, anauza skuta ya Vespa LX 150 rangi ya maziwa, ilishuka Dar na kontena ikaletwa huku kwa treni. Anataka milioni tatu. Juzi kanipa nikaizungusha pale kwake aisee nimeipenda, unapitisha mguu mbele kama mtu anayeingia mlangoni, unakaa kama umekaa kwenye kiti, gauni linatulia, miguu unaiweka pabapa, kuna na kindoano cha kutundika mfuko. Gia hamna, unapandisha mafuta tu inaenda.

Ila kila ninayemuuliza ana lake. Fundi wa boda wa hapa mtaani anasema hiyo kitu haina chesisi kabisa, yaani ile fremu ya kubeba uzito, ni bati tupu, ikiingia kwenye shimo inakunjika katikati. Mwingine anasema injini iko chini ya kiti itaniunguza. Shemeji yangu yeye anasema ni kitu cha kuchezea cha watu wa Ulaya wenye lami kila mahali. Mi nataka nielewe kwanza imetengenezwaje na kwanini wakaamua hivyo, maana milioni tatu siwezi kuitoa kwa maneno ya kuambiwa. Ni kweli haina chesisi? Na mbona hao Waitaliano umbo ni lile lile toka enzi za babu zetu, walishindwa kubadilisha au kuna sababu?

---

fundi_mzee_isevya

Mwangaluka binti yangu, marahaba. Niko Tabora, Isevya, Vespa nimeanza kuzishika nikiwa kijana wa kubeba spana, kulikuwa na padri mmoja na bwana shamba wa tumbaku wote walikuwa nazo zile za zamani za kuchanganya oili na petroli, kwahiyo hapa nina la kusema na nitasema kirefu univumilie.

Chesisi ya bomba kama ya boda ni kweli hamna. Lakini kusema ni bati tupu ni makosa. Chukua bati la kuezekea, likiwa limenyooka unalikunja kwa mikono miwili, likishatiwa migongo unapanda juu ya paa unatembea. Bati ni lile lile, kilichobadilika ni umbo. Vespa ndo hivyo, chuma kimekandamizwa na mashine kikapewa mikunjo na matumbo, kikachomelewa, ile bodi yenyewe ndo chesisi. Uzito wako wote unabebwa na hiyo ngozi. Mtindo huo umetoka kwenye ndege.

Na ulitoka kwenye ndege kwasababu aliyeichora alikuwa mtu wa ndege. Anaitwa Corradino D'Ascanio, injinia wa Italia, mwaka 1930 alikuwa amesharusha helikopta yake ikaweka rekodi. Piaggio walikuwa watengenezaji wa ndege, vita ikaja kiwanda chao cha Pontedera kikapigwa mabomu, vita ilipoisha ndege hakuna wa kununua, watu hawana usafiri na barabara zimechimbika. Enrico Piaggio akataka chombo cha bei ya mtu wa kawaida. Kwanza wakajaribu kutengeneza kimoja wakakiita Paperino, hilo ndo jina la Donald Duck kwa Kiitaliano, lakini katikati kilikuwa na mgongo umepita, lazima upanue miguu kama kwenye pikipiki, bosi hakukipenda akamwita D'Ascanio.

Sasa sikiliza vizuri hapa, D'Ascanio pikipiki alikuwa hazipendi. Aliona cheni inachafua nguo, tairi likipasuka kulitoa ni kazi ya nusu siku, na kukaa kwake hakuna raha. Akaanza kuondoa kero moja moja. Cheni akaitoa, injini akaifunga pale pale ubavuni mwa tairi la nyuma ikazungusha tairi kwa gia moja kwa moja. Gia akaihamishia mkononi ili mguu ubaki safi. Mbele akatoa ile foku ya miguu miwili inayoshika tairi akaweka mkono mmoja tu upande mmoja kama gurudumu la ndege linaposhuka, kwahiyo tairi unafungua nati unalichomoa kama la gari. Katikati akapaacha wazi. Hapo kwenye uwazi ndo wewe unapopitisha gauni lako binti yangu, na yule padri wangu alikuwa anapitisha kanzu. Sio bahati, mtu alikaa akaliwaza hilo.

Hati ya ugunduzi wakaiandikisha Florence tarehe 23 Aprili 1946, ya kwanza ilikuwa cc 98 na spidi kama 60. Jina inasimuliwa kwamba Enrico alipoiona na ule mlio wake na kiuno chembamba akasema inafanana na nyigu, na vespa kwa Kiitaliano ndo nyigu.

Kwahiyo ukiuliza mbona umbo halibadiliki, jibu langu ni kwamba umbo lile sio pambo. Ukitoa uwazi wa katikati umerudi kwenye pikipiki. Ukiweka chesisi ya bomba na plastiki juu, kama skuta nyingi za leo zilivyo, inaweza ikawa nzuri kabisa lakini sio Vespa tena.

---

mwanga_bajaji

Dada pole na majukumu. Mi naendesha bajaji hapa hapa, Mwanga mpaka Ujiji, tena umesema Katubuka nina abiria wengi huko. Nimesoma maelezo ya mzee nikashtuka kidogo. Bajaji langu gia naibadilishia mkono wa kushoto kwa kuzungusha hendeli, klachi iko hapo hapo, na injini iko nyuma. Miaka yote nimejua ni mtindo wa Wahindi tu. Mzee hiyo ina uhusiano na Vespa au nimechanganya?

---

fundi_mzee_isevya

Hujachanganya hata kidogo kijana wangu. Mwaka 1948 D'Ascanio na wenzake walichukua Vespa wakaiwekea magurudumu mawili nyuma na sehemu ya mzigo, wakaiita Ape. Ape maana yake nyuki. Sisi wa Tabora kwa habari za nyuki na asali tuna masikio, hilo jina sikulisahau tangu nilipolisikia. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikapata leseni ya Piaggio, karibu mwaka 1960, ikaanza kutengeneza skuta na za miguu mitatu. Leseni ikaisha wao wakaendelea kivyao. Hiyo hendeli unayoizungusha kila siku ni urithi wa yule mtu wa ndege. Skuta ya dada yako hapa na bajaji lako ni ndugu wa ukoo mmoja, ila la kwako limebaki na gia ya mkono na la kwake limeenda otomatiki.

---

kijana_wa_mitambo

Wakuu salama? Mi nyumbani Urambo ila sa hivi niko Dar nasoma uinjinia wa mitambo, mzee shikamoo, umeeleza vizuri sana ya zamani, naomba niongeze ya kisasa maana LX ya dada ndani sio ile ya padri hata kama kwa nje unaona ni ile ile, na mi naona hapo ndo kazi ngumu ya hawa jamaa ilipo, kubadilisha moyo wote bila kugusa sura.

Shida kubwa iliyowapata ni moshi. Injini za kuchanganya oili zinatoa moshi mwingi na sheria za Ulaya za hewa chafu zikawa zinakaza kila baada ya miaka michache. Mwaka 1996, Vespa inatimiza miaka 50, wakatoa ET4, hiyo ndo Vespa ya kwanza yenye injini ya fostroku, yaani oili inakaa chini kivyake kama kwenye gari, petroli unaweka tupu. Na gia ya mkono ikaondoka, ikaja mkanda. Ile ya gia, PX, iliyoanza 1977, waliendelea kuitengeneza sambamba miaka mingi maana wapenzi wake hawakutaka kuiachia.

Mkanda unavyofanya kazi dada, kuna puli mbili, moja kwenye injini nyingine kwenye tairi. Ndani ya puli ya mbele kuna rola ndogo za uzito, injini ikizunguka kwa kasi zile rola zinatupwa nje zinaibana puli, mkanda unapanda juu na puli inakuwa kama imenenepa. Ya nyuma kule mkanda unazama katikati, inakuwa kama imekonda. Ni kama baiskeli yenye gia isiyo na namba, inajibadilisha yenyewe kidogo kidogo. Ndo maana ukipandisha kilima cha kutoka stesheni hutasikia ikikata gia, utasikia mlio unapanda tu na inavuta. Mkanda ni kitu cha kubadilishwa, usisubiri ukatike, muulize huyo mgeni kama ulishabadilishwa lini na kitabu chake kiko wapi.

Halafu nimwongezee mzee kwa heshima kabisa, zile za zamani injini ilikuwa pembeni kulia ndo maana watu wanasema Vespa inavuta upande mmoja. Kwenye hizi za mkanda silinda imelala mbele ya tairi la nyuma chini ya kiti, na boksi la mkanda liko kushoto, uzito umekaa katikati zaidi. LX 150 inapozwa na hewa ya feni, kuna mfuniko unapitisha upepo kwenye silinda kwahiyo hata ikiwa kwenye foleni inapoa. Kukuunguza haiwezi, kuna ndoo ya kuwekea vitu kati yako na injini, utasikia joto kidogo kwenye hiyo ndoo kwahiyo usiweke chanjo wala dawa za kukaa baridi humo.

2003 wakatoa Granturismo, hiyo kubwa, maji ya kupoza injini na diski mbele na nyuma na rimu za inchi 12, toka hapo zikazaliwa GTS, zikiwemo za cc 278 walizoziita 300. 2005 ndo LX ikaja kuchukua nafasi ya ET. 2013 ikaja Primavera kuchukua nafasi ya LX na mi hapo nawapa heshima, maana bodi walichora upya kabisa, ile shokapu ya mbele wakabadilisha inavyoshikana na mkono kwa kipande cha aluminiamu ili isikwame ikipita kwenye matuta, na vishikio vya injini wakavibadilisha kupunguza mtetemo. Mtu wa mtaani akiziona mbili hizo zimesimama pamoja atakwambia ni ile ile. Chuma ni kile kile kinakandamizwa pale pale Pontedera, mkono wa mbele ni ule ule mmoja.

Kuna nyingine 946, ile walianza na mfano waliouonesha Milano 2011 ukiitwa Quarantasei yaani arobaini na sita, wakarudi kwenye mchoro wa D'Ascanio wa mwanzo kabisa, MP6, wakaufuata mstari wake na kiti kikaonekana kama kinaelea. Ni ya bei, sio ya kwetu. Na toka 2018 kuna ya umeme, Elettrica, hadi kilomita 100 kwa kuchaji mara moja, kuchaji masaa manne. Hiyo nayo bodi chuma.

---

mhamiaji_kasulu

Naomba nipinge kidogo jamani kabla dada hajatoa hela. Historia tamu sana lakini yeye anaendesha Kigoma. LX rimu ya mbele inchi 11 ya nyuma inchi 10. Boda nyingi hapa ni 17 au 18. Tairi dogo likikuta shimo linaingia lote, kubwa linapita juu, hiyo haihitaji uinjinia. Masika udongo wa vichochoro vya Katubuka unateleza kama mawese. Na spea? Boda likiharibika saa nane mchana saa tisa umeshapata kifaa pale sokoni. Mkanda wa Vespa utaagiza Dar au nje, unakaa wiki tatu, huku mama ana uchungu anakusubiri. Mi nilikuwa na skuta ya aina nyingine ya mkanda, nikaiuza kwasababu hiyo tu, sio kwamba ilikuwa mbaya.

---

fundi_mzee_isevya

Huyu bwana anasema kweli na sitambishia kwenye tairi. Vespa ya kwanza ilikuwa na rimu za inchi 8 tu na ilipita kwenye barabara zilizopigwa mabomu, lakini ilipita taratibu. Lami ya Gungu, Mwanga na Ujiji itakuwa vizuri kabisa. Vichochoro vya tope, masika, binti yangu shuka, iegeshe kwenye lami tembea hizo hatua mia mbili. Uzuri mmoja tairi zake hazina tyubu, msumari ukiingia upepo unatoka polepole utafika nyumbani. Na mkanda na rola nunua seti ya akiba kabisa siku hiyo hiyo unayonunua skuta, weka ndani kwenye kabati, siku ikikatika fundi anafunga kwa nusu saa. Mkunga hawezi kukaa wiki tatu anasubiri basi, hapo nakubaliana naye asilimia mia.

Lakini hatari yenyewe ya hii skuta hakuna aliyeitaja hapa na inatokana na ule ule uzuri wake. Boda likipata kutu kwenye tanki unapaka rangi. Vespa bodi ndo chesisi, kutu ikila sakafu pale unapoweka miguu imekula uti wa mgongo. Hapo yule fundi wa mtaani atakuwa amesema kweli, itakunjika. Kigoma kuna mvua nyingi na unyevu wa ziwa, na wengi wanaiosha maji yanaingia chini ya ule mpira wa kukanyagia yanakaa. Fanya hivi, chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi. Toa mpira wa sakafuni. Pitisha sumaku pole pole sakafu yote, halafu chini yake, halafu pale shingoni ambapo ngao ya mbele inakutana na sakafu. Chuma kitaivuta. Ikifika mahali sumaku inadondoka ujue pale hakuna chuma, kuna fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, iliyopakwa rangi juu. Halafu simama nyuma mtu mwingine aishike wima uangalie kama tairi la mbele na la nyuma viko mstari mmoja. Ikiwa imegongwa bodi ikapinda hakuna fundi wa hapa atakayeinyoosha sawasawa, achana nayo hata akikupa kwa milioni moja.

---

kijana_wa_mitambo

Nimekubali marekebisho ya mzee, sumaku sikuiwaza kabisa. Niongeze tu filta ya hewa, barabara za vumbi itolewe isafishwe mara kwa mara, na kule kwenye boksi la mkanda vumbi likiingia linakula mkanda haraka.

---

mkunga_wa_gungu

Nimerudi wadau, samahani nimekaa siku nne, kulikuwa na zamu za usiku na mama mmoja wa mapacha, wote wazima namshukuru Mungu.

Jana nimeenda na sumaku ya spika ya redio ya marehemu baba. Yule mgeni alinishangaa mwanzoni nikamwelezea sababu, akaona ina maana akanisaidia kuinua mpira wa sakafu. Kulia kote inashika. Ngao inashika, shingo inashika, chini ya kiti inashika. Kushoto karibu na pale stendi ilipo sumaku ikadondoka. Nikarudisha ikadondoka tena. Sehemu ya ukubwa wa kiganja changu hivi. Nikalala chini nikaangalia na tochi, rangi imevimba kidogo na kando ya pale nikigusa na kucha unga wa kutu unatoka. Mwenyewe kasema aliinunua hivyo hakujua, na mi namwamini maana uso wake ulibadilika.

Mstari wa tairi tuliangalia na yule kaka wa bajaji hapo juu, kumbe anapita mtaani kwetu kila siku, alikuja akaishika wima, iko sawa haijapinda. Mkanda ulibadilishwa, ana karatasi. Bei kashusha mpaka milioni mbili na laki mbili.

Mzee wangu, swali langu sasa ni hilo tundu. Yule fundi wa mtaani amesema analichomelea leo leo kwa elfu kumi na tano. Mi moyo umesita.

---

fundi_mzee_isevya

Umefanya vizuri kusita. Usimpe. Atatumia mashine ile ile anayochomelea mageti, moto wake mkubwa kwa bati jembamba, atatoboa tundu la kiganja liwe la sahani, halafu atabandika kipande kinene juu ya kutu na kutu itaendelea kula kwa chini huioni. Hiyo inatakiwa ikatwe mpaka uonekane chuma cheupe kizima pande zote, kikatwe kipande cha unene ule ule, kipewe mkunjo kama ule wa mwanzo, kwasababu ule mkunjo ndo unaobeba, nilivyokwambia habari ya bati la kuezekea. Kichomelewe nukta nukta huku na huku chuma kisipate joto kikasokota. Ndani kipakwe dawa ya kutu kabla ya rangi. Ni kazi ya siku mbili.

Kiganja kimoja karibu na stendi kinatengenezeka. Ingekuwa shingoni ningekwambia uache. Kwa bei hiyo nunua, ila usiipande kwenda kazini mpaka lishughulikiwe. Mwisho wa mwezi nakuja Kigoma kwa mdogo wangu yuko Ujiji, nikipanda treni nitabeba mashine yangu ndogo na bati.

---

mwanga_bajaji

Mzee ukishuka stesheni nitakuja kukupokea na mashine yako, hulipi kitu. Nataka nikuone unavyokunja hilo bati.

---

mkunga_wa_gungu

Asanteni jamani hata sijui niseme nini, mzee wangu Mungu akujalie safari njema. Nimeshalipa nusu, nusu nyingine nikipewa kadi. Sasa hivi iko kwangu tayari, nimeiweka uani nimeifunika na turubai la nailoni mvua isiinyeshee, nimefanya sawa?

---

fundi_mzee_isevya

Litoe turubai leo hii binti yangu. Nailoni inaifanya itoe jasho kwa chini usiku kucha, na kutu inazaliwa hapo hapo. Iingize barazani penye upepo, uivue ule mpira wa sakafu uuweke pembeni, acha pale penye tundu pakauke mpaka nifike.